Jela Ina Siku ya Kutoka

Alhamisi, 3 Agosti 2000

Anatoli ametoka. Naandika hivyo kwanza ili nami niamini, kwa sababu asubuhi nilipomwona amesimama karibu na kichanja cha vyombo nilidhani ni fundi anayetafuta kibarua. Miaka mitatu ya gerezani imemla mashavu. Shati ni lile lile alilokamatwa nalo, ila sasa linamning'inia. "Mwakeye, dada," akaniamkia kwa Kiha cha nyumbani, kama mtu aliyetumwa dukani akachelewa kidogo. Nikalia, nikamgombeza kwa kutonipa habari, nikampa uji.

Daftari hili nimelifungua kwa ajili yake. Zamani nikifundisha elimu ya watu wazima niliwasumbua wanafunzi wangu, watu wenye ndevu zao, waandike mstari mmoja kila siku. Tangu nifiwe na mume mimi mwenyewe sijaandika hata huo mmoja. Siku hizi naanika dagaa pale ufukweni Kibirizi, na huenda karatasi hizi zitanuka. Zinuke tu.

Kabla hajamaliza uji akauliza habari za mkewe Recho na binti yao Shukrani. Nikamwambia wazima, bado wako kambini kwa wakimbizi. Akatazama ndani ya kikombe. Alikuwa anajua, lakini kujua ukiwa ndani na kujua ukiwa nje ni vitu viwili.

Jumamosi, 5 Agosti

Majirani wanakuja kumwona, wanakaa kidogo, wanakumbuka wameacha chungu jikoni. Najua wanayosemezana wakifika njiani. Basi nami niandike ilivyokuwa, kabla hawajaieleza wanavyotaka wao.

Mwaka tisini na saba ziwa lilitunyima dagaa na mahindi yakakauka mashambani. Wakati huo huo boti zilikuwa zinashusha wakimbizi kutoka Kongo karibu kila siku, na wakimbizi walikuwa wanapewa chakula. Anatoli alikuwa anavua kwenye boti ya watu, hana wavu wala taa. Siku moja akamchukua Recho na mtoto, wakajipanga kwenye foleni ya waliotoka ng'ambo, akasema amezaliwa Baraka, huko Kongo. Nani angebisha? Recho ni wa Ujiji, lakini babu zake walivuka kutoka huko huko, na Kiswahili chake ni kile cha upande wa pili. Wakapewa kadi ya mgawo. Unga wa njano, maharage, mafuta ya kopo.

Mwenye njaa hana miiko, na Anatoli hakula peke yake. Nyumba kumi zote tulikula, nami nikiwemo, na sikuona haya siku zile wala leo. Ila alipokamatwa alikamatwa peke yake. Hakimu akampa miaka mitatu kwa kujifanya mkimbizi. Na shahidi aliyesimama akaapa kwamba huyu si Mkongo, ni Mtanzania, ni mtoto wa hapa hapa Gungu, alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mwinshehe, aliyekuwa anapelekewa bakuli lake la unga kama sisi wengine. Tangu siku hiyo sijamwambia shikamoo. Tukikutana njiani natazama miguu yangu. Mtu wa umri ule, na mimi nimelelewa vizuri, kwa hiyo anajua kabisa kwamba sijasahau.

Recho aliogopa kwamba zamu yake inafuata. Akambeba mtoto, akakimbilia kambini, akajiandikisha upya kwa jina la babu yake. Wako huko mpaka leo.

Jumatano, 9 Agosti

Jana Anatoli alipanda lori kwenda kambini, akarudishwa getini. Walimwuliza yeye ni nani, akatoa karatasi ya gereza, wakacheka. Lakini askari mmoja mwenye huruma alimvuta pembeni. Alimwambia alete kitu kinachoonyesha kwamba ni raia, hata shahada ya kupigia kura inatosha, ndipo aingie akaseme na wakubwa wa kambi juu ya mke na mtoto. Na uandikishaji wa wapiga kura unaanza Jumatatu.

Karudi anacheka, mara ya kwanza tangu atoke. "Dada, kumbe ni kura tu," akasema. Siku nzima anairudia. Kumbe ni kura tu.

Ijumaa, 11 Agosti

Dagaa haba. Moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika ziwa, milima ya Kongo haionekani kabisa.

Jumatatu, 14 Agosti

Mwezi umejaa, dagaa hawafuati taa, boti zimelala ufukweni, kwa hiyo wanaume wote wa mtaa walikuwa kwenye foleni pale shuleni. Nilimpa Anatoli shati jeupe la marehemu mume wangu. Mwandikishaji ni kijana anayeitwa Oswald, mwalimu wa shule hiyo hiyo, mwandiko mzuri na roho ya karani. Alikwisha kuandika jina nilipomsikia Gervasi.

Gervasi ni jirani yetu mwenye boti mbili, na mwaka huu ni wakala wa chama kimoja. Sitakitaja, kila chama kina Gervasi wake. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeomba chumvi, kwamba ana pingamizi. Huyu ni mfungwa. Tena ni mkimbizi, ana kadi.

Foleni nzima ikanyamaza. Nilitazama uso mmoja baada ya mwingine. Mama Bariki, aliyekuwa anakuja na sufuria yake mwenyewe. Leonardi, aliyekuwa anasema maharage ya wakimbizi yanaiva upesi kuliko yetu. Wote wanajua Anatoli alizaliwa wapi. Lakini atakayesema namjua huyu anaweza kuulizwa kama aliujua na unga wake, basi kila mtu akapata kitu cha kutazama juu ya dari.

Oswald akaweka kalamu. Alisema mfungwa hapigi kura, hilo analijua tangu chuoni. Nikamwuliza mfungwa ni yupi, aliye ndani au aliyewahi kuwa ndani. Akasema mfungwa ni mfungwa, mama. Akachukua rula akakata jina. Huo mstari ndio ulioniuma, jinsi ulivyonyooka. Akatuambia pingamizi litasikilizwa ofisi ya kata mwezi ujao.

Tulipofika nyumbani Anatoli alivua shati, akalikunja vizuri, akanirudishia. "Hakimu aliniambia miaka mitatu," akasema. "Hakuniambia kwamba nyingine nitaitumikia hapa."

Jumanne, 15 Agosti

Anatoli kalala mchana kutwa. Nimepika, sikula.

Jumatatu, 28 Agosti

Giza limerudi na boti zimeingia ziwani. Hakuna mwenye boti anayemtaka Anatoli, maana wote wanamwogopa Gervasi. Ananisaidia kugeuza dagaa mchangani. Ana mkono mwepesi, hawavunji.

Leo alikuja Yusta, mchuuzi anayenunua dagaa kwangu na kuuza kwenye soko la kambini. Anamwona Shukrani huko. Anasema mtoto yuko darasa la pili na anaongoza kwa hesabu. Kule watoto wa Kongo wanafundishwa masomo ya kwao, kwa hiyo anahesabu kwa Kifaransa. Anatoli alimtaka Yusta aseme tena hilo la Kifaransa, akacheka sana, halafu akaenda majini akasimama huko muda mrefu na ndoo tupu.

Jumanne, 5 Septemba

Ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Ofisa anayesikiliza mapingamizi, Bwana Bonaventura, ni mtu mnene mwenye mafua, anapangusa pua kabla ya kila sentensi. Nilimdharau mapema, nikakosea. Pingamizi la kwanza alilimaliza upesi. Alifungua kitabu cha sheria, akasoma, akapangusa pua, akasema sheria inamzuia aliye kifungoni, siyo aliyemaliza kifungo. Huyu amemaliza. Oswald aliinamisha kichwa. Aibu ya wiki tatu iliondolewa kwa maneno machache, nikabaki najiuliza kwa nini hayakusemwa siku ile.

La pili likasimama mlangoni kama ng'ombe. Gervasi alisema kadi ya wakimbizi ipo, na kwenye kadi Anatoli kazaliwa Baraka. Mkimbizi hapigi kura, hata kama hajafungwa. Ofisa akauliza kama kuna mtu anayemjua Anatoli tangu kuzaliwa. Kimya kile kile cha shuleni. Mimi ni dada yake, sihesabiki.

Ndipo Mzee Mwinshehe akainuka kwenye benchi la nyuma. Sikujua kwamba yupo. Nikasema moyoni, huyu alimfunga, na leo anakuja kumzika.

"Bwana ofisa," akasema, "mimi ndiye balozi wao. Mwaka tisini na saba serikali iliniita mahakamani niape kwamba huyu ni Mtanzania. Nikaapa. Hakimu akaniamini, akamfunga kwa sababu ni Mtanzania aliyejifanya mkimbizi. Sasa kama ni mkimbizi, mlimfunga bure, mrudishieni miaka yake mitatu. Kama ni Mtanzania, mpeni shahada yake."

Watu walicheka, na Bwana Bonaventura akasahau pua. Gervasi akapandwa na hasira, akauliza kama mzee mwenyewe hakula unga ule. Kicheko kikakatika.

"Nilikula," Mzee Mwinshehe akasema. "Nawe ulikula, Gervasi. Wewe ulikuwa unapenda mafuta."

Ofisa alifunga kitabu. Alisema hukumu iko mahakamani hapa hapa mjini, atatuma mtu akaione, na turudi Ijumaa.

Nje nilimfuata mzee. Nilikuwa na swali lenye miaka mitatu, nikamwuliza hapo hapo kwenye vumbi kwa nini alimfunga ndugu yangu. Alichukua muda kuvaa kandambili. Alisema wiki ile ya kesi kulikuwa na msako, na kila aliyeitwa Mkongo alipandishwa lori. Angesema Anatoli ni Mkongo, kesi ingekufa palepale na Anatoli angepandishwa lori pia, kwanza kambini, na baadaye nani ajuaye, pengine ng'ambo kwenye vita. "Babu yangu alivuka ziwa hili, Devota," akasema. "Najua mtu anavyokuwa akishaitwa wa ng'ambo. Jela ina siku ya kutoka. Kambi haina."

Matusi yote niliyomtunzia yalikosa kazi. Nilipiga goti kidogo, nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, akaongeza kwamba zimelimbikizana nyingi mno, ataipokea hiyo moja kwa niaba ya wenzake.

Ijumaa, 8 Septemba

Amepata. Ni kijikaratasi tu, lakini kina jina lake lote na jina la mtaa wetu. Oswald alikiandika mwenyewe, pole pole, akaomba radhi bila kuzungukazunguka, nami nikamsamehe nusu. Tumepika samaki, migebuka, kwa mawese. Anatoli aliweka shahada mezani karibu na sahani yake wakati wote wa kula, nikamwambia asiipake mafuta.

Jumatano, 20 Septemba

Mzee Mwinshehe alikuja kwa chai. Hapendi Anatoli apitie getini. Anasema wachuuzi wa dagaa wanazijua njia za porini, na Yusta anaweza kuwatoa mama na mtoto taratibu, siku ya soko. Nilimwuliza anaogopa nini wakati shahada ipo. Hakuweza kusema, alisema tu geti halimkai moyoni.

Anatoli akakataa. "Niliingia kwa mlango wa nyuma nikafungwa," akasema. "Mke wangu nitamtoa kwa mlango wa mbele." Nikamwunga mkono. Mzee alipoondoka nikasema uzee unamfanya aogope hata kivuli cha mbuzi.

Jumatatu, 2 Oktoba

Joto kali. Mawingu yanajikusanya, yanatawanyika. Nimemnunulia Shukrani gauni pale sokoni Mwanga, la kijani, kwa kukisia mwili wa mtoto wa miaka minane.

Jumatano, 11 Oktoba

Mwezi unakaribia kujaa, hakuna dagaa wa kuanika, kwa hiyo nami nilipanda lori. Tuliondoka alfajiri. Anatoli alivaa shati jeupe na shahada aliiweka mfuko wa kifuani, kila lori likiruka anaishika.

Getini mambo yalikuwa mepesi mpaka nikacheka. Yule askari mwenye huruma alimkumbuka, akaisoma shahada, akamwita ndugu mwananchi, akatupeleka ofisini. Karani wa ofisi alikuwa kijana mwenye adabu, alitupa benchi, akaandika jina la Recho na la babu yake, akatuma mtu akamwite. Hakuuliza mengi. Tulikaa. Nilikuwa nimeshika gauni kwenye mfuko, nikifikiria nitamwogesha mtoto kwanza au nitamlisha kwanza.

Recho alikuja na Shukrani. Amekonda, amejifunga kitenge na kilemba kwa mtindo wa akina mama wa ng'ambo, na mtoto ni marehemu mama yetu mtupu. Alipomwona Anatoli akashika mwimo wa mlango. Hakulitaja jina lake. Nilidhani ni furaha.

Karani alikuwa ameshafungua karatasi zake. Akasema kwa upole kwamba hapa pameandikwa mama huyu ni mjane, mumewe alizama ziwani mwaka tisini na saba. Nikaelewa mara moja. Alipofika peke yake na mtoto ilimbidi aseme mume yuko wapi, na asingeweza kusema yuko jela kwa kosa hili hili. Kwa hiyo alimwua. Mtoto akalelewa hivyo.

Halafu karani akamgeukia Anatoli. Sitaki kumsingizia, hakuwa mtu mbaya. "Kama huyu ni mkeo, na ni Mtanzania kama wewe," akasema, "basi amekula mgawo miaka mitatu kwa uongo. Itanibidi niite polisi. Wewe unajua ni kosa gani."

Anatoli alijua. Katika chumba kile ni yeye tu aliyejua uzito wake, kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Aliitazama shahada, ambayo ilikuwa juu ya meza. Kadiri ilivyosema kwamba yeye ni raia, ndivyo ilivyomfunga Recho. Na sisi wapumbavu wawili hatukuliona hilo, tulikuwa tunaimba kura, kura, miezi miwili. Mzee Mwinshehe alilihisi tu, hakujua limekaa wapi, na mimi nikamcheka.

Recho alimtazama tu Anatoli, mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto.

Anatoli akachukua shahada akairudisha mfukoni. "Samahani sana, bwana," akasema. "Nimefananisha. Mke wangu ni mrefu kuliko huyu mama."

Naamini karani alielewa, na naamini alishukuru. Lakini alikuwa na karatasi za kujaza, basi akamwuliza mtoto kama anamjua mtu huyu. Shukrani alimtazama Anatoli usoni, kwa makini, kama mtoto aliyefunzwa kusema kweli mbele ya wakubwa.

"Hapana," akasema.

Alikuwa na miaka mitano walipoachana. Anatoli alisema uongo, mtoto akasema kweli, na sijui lipi lilimchoma zaidi ndugu yangu. Alitabasamu. Alimwambia anafanana mno na binti yake, ndiyo maana amekosea. Akamwomba karani ruhusa ampe gauni, maana limekwisha nunuliwa na mwenyewe hakupatikana. Karani akakubali. Ilinibidi nilitoe mimi kwenye mfuko, na vidole vyangu havikutaka kufunguka. Shukrani akalipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Asante, papa," akasema. Kule ndivyo wanavyomwita kila mwanamume.

Kwenye lori Anatoli alikaa juu ya magunia, kakipa kichwa cha gari mgongo, anatazama tulikotoka.

Alhamisi, 12 Oktoba

Sina la kuandika.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza. Dagaa kidogo wa akiba niliowatandaza tena jana wamelowa wote mchangani, wataoza, na sikukimbia kuwaanua. Mvua imeosha moshi wote, na milima ya Kongo imetokea karibu kabisa, hata mabonde yake yanahesabika. Anatoli amekaa kizingitini anaitazama. Anasema hiyo ndiyo nchi ya mkewe na mwanawe sasa, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga.

Jumanne, 17 Oktoba

Mzee Mwinshehe alikuja, nikamweleza yote. Hakusema niliwaambia. Alilitaja tena suala la Yusta na njia ya porini, kwa sauti ndogo. Anatoli akamwambia karani amewaona, Recho akipotea kambini leo, watajua pa kumtafuta. Na hata asipotafutwa, ataishi humu ndani akijificha kila asikiapo gari. Kule anapata chakula, na mtoto anasoma. Mzee hakutafuta methali ya kutufunika nayo, na ndiyo maana nampenda siku hizi.

Jumatatu, 23 Oktoba

Mvua. Magari ya kampeni yanapita yanapiga muziki. Anatoli anafunga mlango.

Ijumaa, 27 Oktoba

Giza. Boti zinatoka ingawa ziwa lina hasira. Shahada sijaiona tangu kule. Sikuuliza iko wapi, naogopa ataniambia ameichoma.

Jumapili, 29 Oktoba

Hakuichoma. Aliamka kabla yangu, akanyoa ndevu, akaniomba tena shati la marehemu.

Wavuvi walikuja kwenye foleni moja kwa moja kutoka majini, magamba mikononi, shule nzima ikanuka dagaa. Watu walikuwa wachangamfu. Asiyekuwepo na lake halipo, wakawa wanaambiana, na Mama Bariki alimpisha Anatoli asimame mbele yake, akamshika mkono kidogo. Sikujua nimkasirikie au nimshukuru. Oswald akatafuta jina, akalipata. Gervasi alikuwa kwenye benchi la mawakala. Alipoulizwa kama ana la kusema alisema hana, na Anatoli alipopita akavuta miguu yake ndani.

Walimchovya wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kule nyuma ya kizuizi alikaa mpaka Oswald akakohoa. Sijui alikuwa anasoma majina au alikuwa amesimama tu.

Njiani nilimwuliza kwa nini alijisumbua, baada ya yote.

"Imenigharimu wale wawili, dada," akasema. "Nikiiacha ilale kwenye sanduku, nitakuwa nimewatupa bure."

Hakuniambia amemchagua nani, wala sikuuliza. Tulipofika mvua ilikuwa imeanza tena, tukaingiza mikeka.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua. Mgongo unaniuma. Leonardi amempa Anatoli kazi kwenye boti yake, ya kushika taa. Ni haya iliyochelewa, lakini imekuja.

Jumapili, 12 Novemba

Mwezi umejaa, boti zimelala. Yusta amekuja kutoka kambini na kifurushi cha kipande cha kitenge, kimefungwa mafundo ya kitoto, moja juu ya jingine. Nilikifungua mimi. Unga wa njano, kama vibaba viwili.

Yusta alisema Recho aliuchota mwenyewe kwenye mgawo wao, huku analia. Aliyefunga ni mtoto, na aliyetoa salamu ni mtoto. Anatoli akamwambia azitoe kama alivyopewa, asipunguze wala asiongeze.

"Alisema hivi," akasema Yusta. "Mpe yule papa aliyenifananisha. Mwambie gauni limenitosha. Na mama anasema asilale na njaa."

Anatoli alitoka nje. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Akaniomba nisonge ugali, sasa hivi, wa unga ule ule. Mzee Mwinshehe alikuwepo, alikuja kwa ajili ya chai, nami nikaweka maji ya kunawa, dagaa wa kukaanga na sahani tatu, kama desturi inavyotaka. Ugali ukatoka wa rangi ile ile, na harufu ile ile iliyokuwa imejaa nyumba kumi. Mzee alivuta mkeka akasogea.

Anatoli akaushika ugali, akausogeza upande wake. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya goti, wino bado uko kwenye ukucha.

"Mzee, nisamehe," akasema. "Dada, nisamehe. Huu siugawi."

Mwaka tisini na saba aliugawa kwa mtaa mzima. Mzee Mwinshehe akasema kula, mwanangu. Basi mimi na yeye tulikaa naye pale mkekani, mikono yetu imenawa, tukamtazama akila peke yake mpaka akamaliza.